Jakpoti kwa Jina la Mama

Kwa miaka kadhaa mume wangu, mwanamume wa ndevu na sauti nzito, mikono imejaa makovu ya cheche, alikuwa akilipwa kwa jina la mama yangu. Anachomelea mageti na madirisha kando ya barabara hapa Nyalenda, na mteja akitaka kumtumia pesa kwa simu, kabla hajamaliza anaonyeshwa jina la mwenye laini. Hapo kicheko kinaanza. "Fundi, hii ni namba ya bibi ama?" Naye anajibu, "Wewe tuma tu, ni ya mathe wa bibi." Mimi nina cherehani yangu mlango wa pili, nashona sare za shule, na utani huo niliusikia mpaka ukaacha kunichekesha.

Ilianza kwa wema. Simu ya mama ilipokufa kabisa, mume wangu alisema atamnunulia nyingine, na siku hiyo nikaona nimepata mtu. Tulikutana na mama mjini, kwenye mwavuli wa dada anayesajili laini, mama akatoa kitambulisho chake kwenye leso iliyofungwa mafundo mawili. Dada akasema kuna ofa, ukisajili laini moja unapewa ya pili bure. Kitambulisho cha mume wangu kilikuwa kimeungua kwenye mfuko wa koti la kazi. Cheche zilitoboa koti, zikatoboa na kadi, na kufuatilia kingine alikuwa akiahirisha kila wiki. Basi laini ya pili akaichukua yeye, kwa jina la mama, na mama akaitikia kwa kichwa. Kwetu laini ni kama jembe la nyumbani, mwenye kulima siku hiyo ndiye analibeba. Nani angeifikiria serikali?

Kubeti alianza baadaye, nami nilichukia tangu siku ya kwanza. Kila Jumamosi anaketi na simu akipanga mkeka, ndivyo wanavyoita ile orodha ya mechi unazotabiri zote kwa pamoja, na kila Jumapili mkeka umechanika. Timu moja ikikosea, zote zimekufa. Nilimwambia kama ni mikeka aende kwa wanaosuka, angalau tutalalia. Yeye analalamika kwamba ukiweka pesa unakatwa ushuru, ukitoa unakatwa tena, na kiwango kinabadilika kila bajeti inaposomwa. Nikamwambia dawa ya ushuru huo ni rahisi, usiweke na usitoe. Hakucheka.

Halafu Jumapili moja, nimerudi kanisani, nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango, amenyamaza. Mume wangu si mtu wa kunyamaza. Akanipa simu. Mkeka haukuchanika. Mechi zote zilikuwa zimeangukia alipozitabiri, na pesa zilizoandikwa pale zingetosha kununua kiwanja Awasi, kando ya barabara ya Kericho, alikokuwa akiota siku zote kuwa na karakana yake mwenyewe.

Kesho yake kampuni ya kubeti ikapiga simu. Sauti ya msichana, adabu nyingi. "Naomba kuongea na mama mwenye akaunti."

Mume wangu akakohoa. "Mama amelala."

Nikamtazama. Ilikuwa asubuhi, na mama alikuwa Kombewa, pengine shambani muda huo. Msichana akaeleza kwamba pesa hizo ni nyingi kuliko simu inavyoruhusiwa kubeba, kwa hiyo mwenye jina afike ofisini mwenyewe na kitambulisho, PIN ya ushuru, yaani namba ya mlipa kodi, na akaunti ya benki. Ushuru watakata wao kabla ya kulipa. Tena, mtu akipatikana ametumia akaunti ya mwingine, kampuni ina haki ya kufuta ushindi wote. Hayo aliyasoma haraka haraka.

Simu ilipokatika mume wangu akasema, "Tutamwambia mama aseme ni yeye alicheza."

"Mama yangu?"

"Neno moja tu."

Lazima nieleze kidogo habari za mama. Ni mjane, ana shamba na kuku, na ndiye kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Jumatano ni siku yao ya maombi, na kati ya wanaoombewa ni vijana wa Kombewa waache kubeti. Wanawataja mmoja mmoja.

Na kuna jambo lingine, ambalo ndilo lililonifanya nisimkatalie mume wangu palepale. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka, watoto watatu, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepelekwa kwetu. Siku hizi wengi hawajali. Mama anajali. Kwa desturi aliyolelewa nayo, mama hali kwenye nyumba ya binti yake kabla mahari haijaanza kuingia, na mama hakuwahi kula kwangu. Akija mjini anasimama barabarani ananiita, natoka na stuli, tunaongea hapo nje, vumbi na pikipiki zikitupita. Maji anabeba yake kwenye chupa. Nimewapikia wageni wa kanisa, nimewapikia wateja wa mume wangu, nimewapikia hata watu nisiowapenda. Mama yangu sijawahi. Ilikuwa inaniuma, na inauma zaidi unapozoea.

Kwa hiyo mume wangu aliposema, "Sasa ng'ombe wataenda, wote kwa mpigo mmoja," moyo wangu uliruka. Mahubiri yangu yote juu ya kubeti niliyasahau. Nikaanza kufikiria nitapika nini.

Tukaenda Kombewa. Mama alikaa ndani, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mume wangu akakaa nje chini ya dirisha hilo hilo, kwenye stuli, ameipa nyumba mgongo. Mimi nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mkwe na mama mkwe kwetu wana heshima nzito. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na jambo zito hawaambiani ana kwa ana. Linapitia kwa mtu wa katikati, hata kama wote wawili wanasikiana vizuri. Tuliongea Kijaluo, naandika Kiswahili.

"Mwambie mama kwamba ile namba imeshinda," akasema mume wangu.

"Mama, anasema namba imeshinda."

"Nimesikia. Muulize imeshindana na nani."

"Anauliza imeshindana na nani."

Kuku wakapita kati yetu. "Na kampuni ya mpira," akasema mume wangu. "Ya kubeti."

Mama hakuguna wala hakuinua sauti. Aliniangalia mimi, kana kwamba ni mimi niliyecheza. Nikamweleza mambo ya kitambulisho, PIN na benki, na jinsi jina lake lilivyo kwenye laini. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie anisaidie," mume wangu akasema kwa sauti ya chini. "Aseme tu ni yeye alicheza."

"Mwambie sitasema hivyo."

Sikurudia. Alikuwa amesikia, nilimwona mabega yakishuka.

"Mwambie nitaenda," mama akaendelea. "Jina ni langu, siwezi kulikana. Lakini nikiulizwa nitasema ninachojua."

Usiku huo mume wangu hakula. Alijua, nami nilijua, kwamba anachojua mama ndicho kingezika ushindi wote.

Tulianza na PIN. Kwenye kaunta ya ushuru tulihudumiwa na mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Mama yangu akamwambia kwa Kiswahili chake, "Mimi nataka hiyo PIN ya pesa ya mpira." Yule mama akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipoona hatucheki. Akaeleza taratibu. Ushuru wa ushindi unakatwa na kampuni yenyewe, na ukishakatwa hulipi tena, ila uitishe uthibitisho kwamba umekatwa kwa jina lako. Lakini ukishakuwa na PIN, kila mwaka, kabla Juni haijaisha, uwasilishe ritani, ile taarifa ya mapato yako. Usipofanya hivyo, faini.

"Na kama sina kitu?" mama akauliza.

"Unaleta ya kusema huna kitu."

"Kila mwaka nikuje niseme sina?"

"Kila mwaka, mama."

"Na serikali haitakuwa imenizoea?"

Hapo yule mama alicheka kweli. Kisha akauliza hiyo laini inafanya kazi gani siku nyingine, na mimi, kwa ulimi wangu usio na breki, nikasema inapokea pesa za mageti. Akavaa miwani. Akamwangalia mama yangu, mikono yake, kitambaa cha kichwa, viatu vya kanisani. "Nani anachomelea?"

Ikabidi nieleze. Naye akatueleza, bila ukali, kwamba pesa za mageti ni mapato ya biashara, na biashara hiyo kwa macho ya laini ni ya mama. Siku moja mtu akifuatilia, mashine haitasema kuna mkwe. Itasema huyu bibi wa Kombewa ana karakana mjini na halipi ushuru. Akasema fundi apate kitambulisho chake, laini yake, PIN yake, na mapato yake ayatangaze mwenyewe, yale ya nyuma pia, kabla hajatafutwa.

Tulipotoka mama akaniambia, "Kumbe mimi ni fundi."

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofani. Mume wangu alibaki chini kwenye ngazi, kwa heshima alisema, na kwa woga naongeza mimi. Aliyetupokea alikuwa mwanamume wa tai, mpole, akatuita sote wawili mama. Akachukua kitambulisho. Akauliza, "Hili jina ni lako?"

"Ni langu."

"Na hii namba?"

Nilifunga macho. "Namba imeandikwa mimi," mama akasema, "lakini inakaa na bwana ya huyu. Mimi mpira sijui. Hata hiyo simu yake sijawahi shika."

Yule bwana akaweka kalamu chini. Akasema tungoje, akaingia kwa mkubwa wake, mlango ukafungwa. Nitasema wazi, nilimkasirikia mama kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Nilikuwa naiona karakana ya Awasi ikiondoka, na ng'ombe wakiondoka, na mama mwenyewe ameketi pale ameshika mkoba wake mapajani, ametulia, amefanya lake. Mtu uliyekuwa ukimtafutia ng'ombe, naye anawafungulia zizi watoroke! Nilimwambia, "Mama, ungesema tu ndiyo."

Yule bwana aliporudi alikuwa na karatasi za kutia sahihi. "Mama, sisi tunamtambua mwenye jina," akasema. "Huyo mwingine hatumjui. Angekuja hapa na kitambulisho chako akidai ni chake, tungefuta kila kitu na pengine tungeita polisi. Lakini umekuja mwenyewe na umesema ukweli. Mkubwa amekubali. Ushindi ni wako, ushuru unakatwa kwa jina lako, pesa zinaingia benki kwako. Hii akaunti tunaifunga leo."

Kisha akaomba picha, mama ashike ile hundi kubwa ya kadibodi. Mama akasimama. "Picha hapana."

Mume wangu alipanda ngazi tatu kwa hatua moja niliposhuka kumwambia. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Hakunisikia niliporudia yale maneno ya mwisho, kwamba pesa ni za mama.

Aliyasikia vizuri tuliporudi Kombewa. Alikuwa amevaa shati jipya. Akaketi kwenye stuli ile ile chini ya dirisha, na kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi akasema, "Mwambie mama ng'ombe wa mahari awatoe humo humo. Wote. Kitakachobaki ndicho tutapanga."

Nilimgeukia mama nikiwa natabasamu. Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu mtoto wa kwanza.

"Muulize," mama akasema, "pesa hizo ziko benki kwa jina la nani."

"Lake," mume wangu akajibu bila kungoja.

"Na ushuru umekatwa kwa jina la nani?"

Akaanza kupangusa vumbi kwenye shati jipya.

"Basi nikinunua ng'ombe kwa pesa hizo, nitakuwa nimetoa ng'ombe zizini mwangu, nikawazungusha boma, nikawarudisha zizini. Mwambie hiyo si mahari. Hapo nitakuwa nimejiolea binti yangu mwenyewe."

Mume wangu akasimama. Kwa mara ya kwanza akaugeukia mlango, akamwangalia mama yangu usoni, jambo ambalo hafanyi mtu mwenye akili, akasema, "Lakini ni zangu! Mimi ndiye nilicheza!"

Mama aligeuza uso ukutani. Aliniambia mimi, polepole, "Mwambie aende akaseme hivyo kwenye ofisi ya ghorofani."

Hangeweza, na sisi sote tulijua. Akisema hivyo, hakuna shilingi itakayobaki. Alikaa tena. Baadaye aliniambia jambo lililomuuma si pesa, ni kwamba mama alikuwa sawa. Mimi nililia njia nzima kurudi. Nilikuwa nimeingia Kombewa nikiwa karibu kuolewa, nikatoka nilivyoingia.

Mama hakuzila pesa zile, wala kanisani hakupeleka hata shilingi. Alisema Mungu hatapewa za mkeka. Alilipa karo ya watoto wetu moja kwa moja shuleni, zilizobaki zikakaa benki. Mume wangu alinuna wiki nyingi, na katika kununa kwake akafanya yote aliyokuwa akiahirisha. Akapata kitambulisho, akapata laini, akaenda kwa yule mama wa miwani akatangaza mageti yake na akalipa faini. Mkeka hajapanga tena. Sijui kama ni toba au ni kwa sababu sasa jina lake linaonekana. Wateja walimlalamikia kwamba amewanyima utani.

Juni ikafika, mama akaja kusema hana kitu. Saiba, duka la kompyuta wanakojaziwa watu ritani, iko ng'ambo ya barabara, mkabala na cherehani yangu. Nilimwona akiingia, nilimwona akitoka. Nikavuka na soda baridi. Akaipokea, akaishika, akanirudishia ikiwa imefungwa, akanywa maji ya chupa yake. Nilirudi nikashona mikono miwili ya shati upande mmoja.

Miezi kadhaa baadaye akanipigia. "Mwambie mume wako nataka geti. Na madirisha manne ya chuma, na mlango. Anipe bei anayowapa wateja. Asinipunguzie."

Mume wangu aliona ametukanwa. Utamtoza vipi mama mkwe? Angefanya bure, tena angeshukuru. Mama akakataa. "Mwambie bure sitaki. Kazi ya bure nitailipa kwa makofi?" Basi akapima, akakata, akachomelea, na kwa kazi ile alijitesa kuliko kwa mteja yeyote, akipiga msasa mpaka majirani wakalalamikia kelele. Siku ya kuweka geti mama alikaa ndani, simu mkononi, mimi mlangoni kama kawaida. Kabla ya kutuma pesa akasoma kwa sauti jina lililotokea kwenye kioo, majina yote matatu, jina la mume wangu. Nje, mume wangu akaacha kukaza skurubu akasikiliza.

Nilimuuliza mama baadaye, "Si pesa ni zile zile?"

"Zile ziliokotwa," akasema. "Hizi amezichomelea."

Mume wangu hakuniambia anaenda wapi. Alitoka asubuhi moja na wajomba zake wawili, na simu iliyofuata ilikuwa ya mama. Mtamba mmoja, mwekundu, mwenye baka jeupe tumboni, ameingizwa kupitia geti jipya. Wa kwanza akishaingia, kwetu mlango umefunguka, wengine watafuata kadiri ya mageti.

Juni hii mama amekuja tena kusema hana kitu. Nilimwona akitoka saiba, akafunga kitambulisho kwenye leso, mafundo mawili, akangoja pikipiki zipite. Nikainuka kuchukua stuli. Akavuka, akaipita stuli, akapita cherehani, akainama mlangoni kwangu na kuingia mpaka jikoni.

"Umepika nini?"

Sikuwa nimepika. Kulikuwa na omena ya jana na ugali uliopoa. Nikaanza kusema niende sokoni, nilete samaki, nichinje kuku, sijui nilisema nini.

Mama akavuta kiti akaketi. "Pasha moto," akasema.